Siku ya Tatu, Mbele ya Jua ya Katikati

Siku ya kwanza ya juma, 3 juni 1957

Kutoka Kasha saa kumi na mbili ya asubui. Kufika mulango ya posta, Ibanda ya Bukavu, saa mbili na kidogo. Kurudi nyumbani saa tano. Gunia ku mugongo, mawe ine ndani. Njia kavu, vumbi mingi. Goti ya kuume inavimba tena. Ya kushoto muzuri.

Naandika vile nilikuwa naandika mu karne, ile kitabu ya kazi ya kubeba barua: saa ya kutoka, saa ya kufika, njia namna gani. Karne walikamata siku ya retrete, siku ya kuacha kazi, pamoja na kofia na ile shaba ya ku kifua, alama ya posta. Kaye hii, daftari hii, nilinunua mwenyewe. Hakuna mutu atatia muhuri. Basi.

Zamani Kasha na posta ilikuwa saa moja na nusu, na kilo kumi na mbili za barua ku mugongo. Sasa ni mawe na ninahema kama mbuzi ya kupelekwa soko. Lakini mu Kasha yote hakuna mutu wa umri yangu anaweza hata kufika ile kona ya chini. Hiyo bajue.


Siku ya tatu, 5 juni

Sikutoka. Goti.

Siku ya tatu njo siku mbaya. Tangu retrete, kila siku ya tatu nakaa ku kiti mbele ya nyumba, na roho haiko hapa.

Miaka ishirini na tatu ilikuwa vile: siku ya kwanza natoka Bukavu na sakoshi ya barua. Siku ya pili mangaribi nafika nyumba ya katikati, ile ya majani, kisha mulima, kule pori ya Barega inaanza. Nalala. Siku ya tatu asubui Kikuni, mwenzangu wa posta, anatoka upande ya Mwenga na sakoshi yake. Tunabadilisha. Tunakula pamoja. Yeye anageuka, miye nageuka. Siku ya ine niko nyumbani.

Sheria ya kazi ilikuwa moja: unaongoja mwenzako mpaka jua iko katikati. Jua ikifika juu ya kichwa na yeye hayuko, unageuka na sakoshi yako. Kikuni hakunikosa. Miye sikumukosa.

Saa moja tu mu juma. Ukihesabu zote labda hazifike hata siku mia. Na hakuna mutu niliyekaa naye vile.


Siku ya posho, siku ya sita, 8 juni

Kutoka saa kumi na mbili. Kufika saa mbili. Afadhali.

Yuliana, bibi yangu, anakasirika. Anasema kiti yangu iko mu njia ya fagio yake. Nikihamisha kiti, iko mu njia ya maji. Leo alisimama mulangoni, mikono ku kiuno: "Miye niliolewa na mutu wa siku tatu mu juma. Huyu wa siku saba alitoka wapi?"

Alisema kweli. Hata miye simujue huyu wa siku saba.


Siku ya Mungu, 9 juni

Kisha misa, Alfonsi fundi wa nguo alinianza tena, mbele ya batu bote.

"Papa Zihindula, ile medayi yako iko wapi? Ama iliolewa Mwenga?"

Bote walicheka. Nilimwambia medayi iko mu sanduku, na sanduku haifunguliwe kwa mutu wa kushona mifuko ya suruali. Walicheka zaidi.

Haiko mu sanduku. Iko kwa Kikuni. Nitaandika vile ilikuwa, mara moja tu, kisha nisirudie.

Mwaka uliopita, mwisho ya mwezi wa munane, kamyo, gari ya mizigo, ilianza kubeba barua mu barabara mupya, ile ya kuzunguka mulima. Walituambia: mwende mara ya mwisho. Mara ile barua haikukuwa hata moja. Sakoshi zilikuwa na vitu vyetu tu. Mu yangu mulikuwa rozari, na medayi ile bwana mukubwa wa posta alinitia ku kifua, maana nilitaka Kikuni aione. Tulikula. Nilimuonyesha. Aliigeuza, akasema inangaa muzuri. Niliirudisha ndani. Jua ilifika katikati. Tulisimama, yeye alinyoosha mukono, miye nilinyoosha mukono, tukabadilisha sakoshi, tukageuka.

Kwa desturi tu. Mikono ilifanya kazi yake yenyewe. Hatukukuwa na kitu ya kubadilisha.

Nilifika Walungu, mu njia ya kurudi, njo nikaona sakoshi ya ku mugongo iko yake.


Siku ya tatu, 12 juni

Sakoshi ya Kikuni iko chini ya kitanda. Niliifungua mara moja, mwaka ule. Ndani mulikuwa kipande ya ngozi ya muti, na ndani ya ngozi mutu mudogo wa pembe, mukubwa kama kidole yangu, uso yake kama moyo, inangaa kwa kushikwa na mikono mingi. Nilifunga mara ile ile. Niko mukristu. Lakini nilijua ni kitu gani. Kikuni iko mutu mukubwa mu Bwami, chama ya wakubwa wa Barega. Serikali ilikataza Bwami. Mutu akikutwa na kitu ile, ni boloko, gereza.

Kitu ile haiko ya mutu mumoja. Kikuni alipewa na baba yake mukubwa. Yeye atamupa mungine mbele hajakufa. Na miye njo nailalia kila siku.

Kutuma mu kamyo hapana. Wanafungua mizigo ku kizuizi. Kwenda mwenyewe mu kamyo hapana vile vile. Kwanza, siwezi kuketi ndani ya kitu iliyoninyanganya kazi. Ya pili, kamyo haipite ku nyumba ya katikati. Ya tatu, na hii njo ya kunichekesha na kuniliza, sijue kijiji ya Kikuni. Miaka ishirini na tatu sikumuuliza. Nilibeba barua za batu elfu, kila moja na jina ya mahali, na rafiki yangu hana mahali. Mahali yake ni ile nyumba, siku ya tatu, mbele ya jua ya katikati.

Basi yeye iko pale. Nikijua Kikuni namna namujua, iko pale leo. Anaongoja na medayi yangu.

Ile nyumba nitaifika kwa miguu. Njo sababu ya mawe.


Siku ya kwanza, 17 juni

Kutoka saa kumi na moja na nusu. Mawe sita. Kufika saa moja na nusu. Bado nguvu ingalipo.

Mu mupando ya Kasha bamama ba kuuza makala ya kupikia walinipita, mizigo ku vichwa, wanacheka. "Papa, mawe iko bei gani ku soko leo?"

Nikawaambia haiuzwe kwa wanawake wa miguu mufupi. Lakini walinipita.


Siku ya pili, 18 juni

Mara mbili leo. Asubui na mangaribi. Yuliana anasema nina kichaa. Jana, leo, kesho, kila siku. Mwaka muzima nilioza ku kiti; kuoza inaondoka kwa kazi, haiondoke kwa kulala. Mafuta ya ngazi, mawese ile Kikuni alikuwa ananiletea, chupa ya mwisho, imebaki vidole vitatu. Napaka ku goti kidogo kidogo. Harufu yake inanipeleka kule.


Siku ya posho, 22 juni

Nilianguka.

Mawe munane. Mara ya pili ya siku, mu mupando. Goti ilitoka kama haiko yangu. Wale bamama ba makala njo waliniinua, mumoja huku, mumoja kule. Hawakucheka. Afadhali wangecheka.


Siku ya kwanza, 24 juni

Kitandani. Homa. Goti kama kibuyu. Munganga wa dispanseri alitoa maji ndani na sindano, ya manjano. Anaweza kuwa mutoto wa mutoto yangu. Alisema: "Muzee, umri wako ni wa kupumzika." Nikamwambia nilivuka muto na barua ku kichwa, maji ku shingo, mbele yeye hajazaliwa. Akasema nipumzike juma mbili.

Kwa mara ya kwanza ninaogopa. Kufa siogope. Ninaogopa kufa na kitu ya mutu chini ya kitanda.


Siku ya tatu, 3 julai

Bado kitandani. Saa sita. Jua iko juu ya nyumba, naiona ku tundu ya paa, inashuka mustari moja mpaka ku blanketi. Sasa Kikuni anasimama. Sasa anageuka.

Sikuwahi kusema hii kwa mutu: mu njia ya kurudi nilikuwa nageuka nyuma mara moja, ku kona ya muti mukubwa. Yeye alikuwa anaonekana kidogo bado. Kila mara nilikuta na yeye anaangalia. Halafu kila mutu njia yake.


Siku ya tano, 5 julai

Yuliana anapaka goti. Anapaka muzuri, mikono yake inajua. Leo alisema, pole pole, kama kwa goti: "Zamani nilikuwa nafanya hivi kila juma. Siku ya tano, siku ya posho, siku ya Mungu. Ukatoka siku ya kwanza kama kijana."

Nililala na neno ile mu kichwa.

Kumbe. Miaka ishirini na tatu nilisema siku ine za njia njo zilinifanya nguvu. Na zile siku tatu za nyumbani nilizihesabu bule, siku za kuongoja. Kumbe zile tatu njo zilibeba zile ine. Maji ya moto na chumvi, bugali, maharagi, mikono ya Yuliana. Tangu retrete nilikuwa ama nakaa siku saba, ama natembea siku saba. Mwili haijue hesabu ile.

Siandiki kwamba nilikosea. Naandika kwamba hakuna mutu aliniambia.


Siku ya kwanza, 8 julai

Kuanza upya. Vile vile kama kazi. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine: kutembea. Tatu: kukaa. Bila mawe. Leo nilifika tu ku daraja na kurudi. Pole pole. Fimbo mu mukono, na Alfonsi alisimama ku masini yake akasema, "Posta inapita, batu waondoke mu njia!"

Nilimupungia fimbo kama bwana mukubwa. Acha acheke.


Siku ya tatu, 17 julai

Kutoka saa kumi na mbili. Kufika posta saa mbili kasoro. Jiwe moja tu. Goti kimya.

Mulinzi wa mulango ya posta aliniuliza kama nilikuja kutafuta barua. Nikamwambia miye sijapata barua hata moja mu maisha yangu. Aliona nilikuwa nacheza. Ilikuwa kweli.

Niligeuka mbele jua haijakuwa kali. Ziwa ilikuwa nyeupe, moshi ya mashamba juu yake, ngambo haikuonekana. Wakati kama huu pori ya Barega iko kavu, njia muzuri.


Siku ya posho, 20 julai

Yuliana alipata sakoshi.

Alikuwa anafagia chini ya kitanda. Nilirudi kutoka kunyoa, nikamukuta ameketi chini, mutu mudogo wa pembe ku kitambaa mbele yake, rozari mu mukono. Hakupiga kelele. Hiyo njo iliniogopesha. Aliuliza: "Hii ilikuwa chini yangu tangu lini?"

Nilimwambia. Yote. Sikujua mudomo yangu inaweza kusema mingi vile.

Akasema kesho ataipelekea Padri aichome.

Nikasema: "Haiko yangu nikuruhusu. Haiko yako. Haiko ya Padri. Iko ya Kikuni."

"Na medayi yako?"

"Medayi iache."

Nilisikia nilisema vile. Miye.

Alifunga kitu mu kitambaa yake ya kanisa. Hatukula pamoja.


Siku ya Mungu, 21 julai

Alienda misa na kitambaa mu kikapu. Sikuenda. Nilikaa ku kiti, nikaangalia njia ya kanisa mpaka macho ililia maji. Nilifikiri nimukimbilie. Nilifikiri nimupige, sijawahi kumupiga. Nilifikiri Kikuni anaongoja, na miye nitakwenda na mikono bule, nimuambie nini? Kwamba waliichoma? Afadhali nisifike tena kabisa.

Alirudi saa tano. Aliweka kikapu mbele yangu. Kitambaa kilikuwa kimefungwa vile vile.

"Padri alifundisha juu ya kurudisha kitu ya mutu," alisema. "Nilikaa ku benchi nikasikiliza. Sikumuambia kitu. Lakini itoke mu nyumba yangu mbele ya sikukuu ya Mama Maria."

Sikukuu iko tarehe kumi na tano ya agosti.

Aliingia kupika. Nilisikia anagonga sufuria kupita desturi. Nililia kidogo. Hakuna aliyeona.


Siku ya Mungu, 28 julai

Juma hii: siku ine zote nilifika posta na kurudi. Mawe mawili. Siku tatu nilikaa bila haya.

Nilipata karatasi ya ruhusa ya njia. Karani aliuliza naenda kufanya nini. Nikasema kuangalia jamaa. Hakuandika jina ya jamaa. Zamani shaba ya ku kifua ilikuwa karatasi yangu. Kila kizuizi walisimama pembeni.


Siku ya Mungu, 4 agosti

Kesho.

Yuliana alisema nitoke leo kisha misa. "Miguu si ya zamani. Chukua siku tatu. Uko retrete, nani anakusukuma?"

Nilikataa. Posta ilitoka siku ya kwanza. Miye natoka siku ya kwanza. Nyumba ya katikati iko siku mbili, ilikuwa siku mbili kila mara, haikusogea.

"Weye na kichwa hiyo," alisema. Halafu alikaa chini, akapaka magoti yote mawili na mafuta ya Kikuni, mpaka chupa ikaisha. Alitia mu gunia maharagi na chumvi ya Kikuni, na bugali ya njia. Kitu ile iliingia mu sakoshi ya Kikuni, na sakoshi mu gunia, katikati ya maharagi. Yuliana mwenyewe njo aliifunga. Alifunga muzuri.


Siku ya kwanza, 5 agosti

Kutoka Kasha saa kumi. Hakuna mutu mu njia. Njia muzuri.

Nalala hapa: mbali ya Walungu bado. Zamani nilikuwa naipita mbele ya kulala. Kesho nitakaza mwendo.

Alfonsi alikuwa ameamka. Sijui kwa nini. Alisimama mu mulango yake na taa, hakucheka. Alisema tu: "Muzee, safari muzuri."


Siku ya pili, 6 agosti

Kizuizi. Polisi kijana alifungua gunia, akaingiza mukono mu maharagi. Mpaka ku kiwiko. Nilianza kumuambia juu ya mito nilivuka, juu ya chui ya mwaka ile, na medayi, kwa sauti ya nguvu, bila kupumua. Alichoka kunisikia. Alitoa mukono. "Pita, papa, pita!"

Kujisifu iliniokoa. Yuliana hatasadiki.

Goti inaanza. Njia ya zamani majani inaifunga. Mangaribi ilinikuta hapa, mu mupando ya mulima. Haiko nyumba ya katikati. Iko mbali yake, saa ngapi sijue. Nitatoka na mwezi kama iko.


Siku ya tatu, 7 agosti

Nilianguka mara mbili. Nilitembea na fimbo na nguzo ya pili niliyokata. Jua ilipanda. Niliiangalia kupita njia. Nilikuwa nasema na jua: ongoja. Ongoja kidogo. Ilifika juu ya kichwa yangu na niko bado ku kona ya muti mukubwa, ile kona ya kugeuka nyuma. Niliita. Kikuni! Mara mingi. Pori tu.

Nilifika na kivuli yangu imeanza kuwa murefu.

Nyumba ingali. Paa imeanguka upande moja. Ndani imefagiwa. Majivu ya moto moto. Niliingiza kidole, ikaniunguza. Nguzo ya mulango imekatwakatwa na kisu, mikato midogo, mustari kwa mustari, mingine ya zamani nyeusi, ya mwisho nyeupe bado. Nilihesabu mara mbili. Arobaini na moja.

Juma zote tangu ile mara ya mwisho hazifike hamsini. Zile anakosa, labda mvua. Labda na yeye ana goti.

Yuliana alisema nitoke siku ya Mungu. Kichwa yangu ilikataa. Kichwa hii.

Kikuni aliongoja mpaka katikati, akageuka. Sheria ya kazi.


Siku ya ine, 8 agosti

Sirudi. Nitakaa mpaka siku ya tatu.

Maharagi ya Kikuni nitakula nusu. Atanisamehe.


Siku ya tano, 9 agosti

Kukaa. Maji ya moto ku goti, kutoka sufuria ile ile ya zamani, iko nyuma ya jiwe bado. Nani angeweka sufuria tena mahali yake kama haiko yeye.

Hii ni siku ya kupumzika. Napumzika. Hakuna haya.


Siku ya Mungu, 11 agosti

Nilikata majani, nikatengeneza paa upande ile. Kazi ya kijana. Niliimaliza. Nilisali rozari ku vidole kwa sababu rozari yangu iko kwa Kikuni.

Yuliana sasa iko mu misa. Atakuwa anafikiri nilikufa mu njia. Barua ingefika kwake siku mbili. Sina wa kuibeba.


Siku ya pili, 13 agosti

Kesho. Asipokuja kesho, sikukuu inanikuta hapa na kitu ile ingali mu mukono yangu. Lakini haiko mu nyumba ya Yuliana. Nusu ya neno nilishika.

Nimetia mukato yangu ku nguzo, upande mungine, karibu na zake. Moja tu. Inaonekana haya.


Siku ya tatu, 14 agosti

Alifika asubui, umande ingalipo. Nilisikia fimbo yake ku mawe mbele sijamuona. Fimbo, muguu, fimbo. Zamani hakukuwa na fimbo.

Alisimama ku mulango. Nywele nyeupe yote. Aliangalia paa mupya na majivu ya siku nyingi, akaniangalia miye.

"Weye Mushi," alisema, kwa jina ya kabila yangu, kama zamani. "Umechelewa juma moja."

Nikasema goti. Akasema na yake vile vile, ya kushoto. Nikacheka: tukijumlisha tuko na mutu mumoja muzima. Aliketi pole pole, kwa kushika nguzo.

Tulikula maharagi iliyobaki. Alileta chupa ya mafuta ya ngazi, imejaa. Anasema alikuwa anabeba chupa kila mara, anairudisha kila mara.

Alisimama. Nikasimama. Alinyoosha mukono, nikanyoosha mukono. Tulibadilisha.

Alipima sakoshi yake ku mukono, hakuifungua. Aliigusa upande, pale kitu ile ilikuwa, akafunga macho kidogo. Hakuniuliza kama niliangalia. Sikumuambia. Anajua. Nilikaa mu mukono yake mwaka muzima kama yeye mu yangu.

Medayi aliisugua na majivu. Inangaa kupita siku ile nilipewa. Niliitia ku kifua, hapa, mu pori, mbele yake peke yake. Aliiangalia vile batu wanaangalia kitu kubwa. Basi ilitosha.

Nilimuuliza jina ya kijiji yake. Alishangaa. Aliitaja, nikaiandika nyuma ya kaye, herufi kwa herufi, akaangalia kalamu. Iko siku moja tu kutoka hapa. Siku moja. Nikasema nitatuma barua kwa kamyo. Akasema atatafuta mutu wa kumusomea.

Jua ilifika juu ya nyumba. Yeye aliiona. Miye niliiona. Vivuli vya fimbo zetu viliingia chini ya fimbo zenyewe.

Halafu ilianza kushuka upande ya Mwenga.

Kikuni iko pale mbele yangu, anatia kuni mu moto. Hakuna aliyegeuka.